Ukuta wa Fundi Shibiri

Kibaraza changu cha cherehani kinatazamana na karakana ya mbao, na katikati kuna njia ambayo mikokoteni miwili haipishani bila matusi. Kwa hiyo miaka ishirini na mitatu nimeshona huku nasikiliza mashine. Naijua kama mke anavyojua mkoromo wa mumewe. Msumeno ukiwashwa unaimba sauti nyembamba. Ukiingia kwenye ubao sauti inakuwa nene. Ubao ukiisha, inarudi nyembamba, halafu ubao mwingine. Sauti nene ikikatika kabla ya wakati wake, kuna jambo.

Siku ile ilikatika. Sikupiga kelele. Nilitoa mguu kwenye pedeli, nikavuka njia na pini zangu bado zimo mdomoni, na nikamkuta mume wangu amekaa juu ya lundo la maranda, mkono wa kushoto ameuzungushia aproni. Uso ulikuwa umempauka kama unga. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Waambie wazime, itaungua mota." Vidole viwili vimekwenda, cha shahada na cha kati, yeye anahurumia mota. Nikatema pini, nikazima mwenyewe.

Mume wangu wanamwita Shibiri. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye cheti, na cheti kimo sandukuni, huko linapumzika. Shibiri amepewa na kazi yake. Anapanua mkono wa kushoto, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, anautembeza juu ya ubao kama kiwavi, na wa kulia unafuata nyuma na penseli. Akimaliza anakutajia urefu. Watu wasiomjua walikuwa wanaleta futi kumhakiki, na waliondoka nayo wameikunja vizuri. Alikuwa akisema futi ni ya watu wasioaminiana. Mimi niliye fundi cherehani, ninayeivaa futi shingoni toka asubuhi kama mkufu wa maskini, nilimjibu kwamba kiuno cha mteja hakipimwi kwa shibiri, jaribu uone kofi litakavyolia. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu.

Chanzo cha ajali hakikuwa uzembe wa mkono. Kilikuwa karai. Vifaa vyote vya mashine ile vilikaa chini ya meza yake, kwenye karai lililotoboka na ndoo isiyo na mkono: diski za msumeno kubwa na ndogo, visu vya randa, spana, mikanda, biti za kutobolea, na humo humo kijiti cha kusukumia. Kijiti hicho ni kipande cha mti kilichochongwa mfano wa kisigino cha kiatu. Ubao ukikaribia kuisha, unausukuma kwa hicho, ili mkono usisogelee meno ya msumeno. Kila fundi anajua. Lakini siku ile kijiti kilikuwa chini ya kila kitu, jioni imeingia, umebaki ubao mmoja. Mume wangu akasema, "Huu mmoja tu." Maneno hayo yamelaza watu wengi kuliko homa.

Wageni wa kumpa pole walijaa nyumbani. Sijui kwa nini mtu akija kumtazama mgonjwa methali humtoka bila kuulizwa. Jirani mmoja, mtu mzima na ndevu zake, alikaa, akashika shavu, akasema kweli kidole kimoja hakivunji chawa. Chumba kizima tukatazama sakafu. Mume wangu akamwambia, "Nimebaki na vitatu, ndugu yangu. Chawa wajihadhari." Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akitania kwa miezi miwili.

Miezi hiyo miwili nisiizungushe. Nilichoka. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu nyumbani halisemwi. Asubuhi nimfunge vifungo vya shati, nimkatie chakula kama mtoto, nimwoshe mkono kwa maji ya chumvi yeye ameuma taulo, halafu ndiyo nikae kwenye cherehani na macho yamejaa mchanga. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kunisaidia. Alisaidia sana kukaa. Alikuwa anavuta kiti mlangoni, akinitazama ninavyofua, na kuniambia sehemu niliyoiruka. Watoto wetu mapacha wameolewa mbali, walipiga simu kila siku kuuliza kama baba anakula. Anakula. Hakuna aliyeuliza kama mimi ninakula, ila na mimi nilikula, kwa kusimama.

Bendeji ilipotoka, mwenye karakana akaja. Huyo tunamwita Kimya. Maneno anayatoa kama anayaazima kwa mtu mkali. Alikunywa chai, akautazama mkono wa mume wangu mbele na nyuma, akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba hataki tena kuona karai. Kila kifaa cha mashine kipandishwe ukutani, kiwe na mahali pake, na mtu aliyesimama kwenye mashine akione bila kuinama. La pili, kwamba atakayeujenga ukuta huo ni Shibiri mwenyewe, kwa siku kumi.

"Ukuta ukikaa sawa, rudi kwenye mashine," alisema. "Usipokaa sawa, kuna vanishi."

Akamaliza chai, akaaga.

Asiyejua karakana ataona hapo hakuna tatizo, mtu kapewa kazi. Kupaka vanishi ni kazi halali, ina watu wake na inawalisha. Lakini kumtoa fundi wa mashine ukampa brashi ni kama kumtoa mpishi jikoni ukampa sahani apange. Atapanga. Ila utamwona anavyotembea. Wakati huo mashine ilikuwa mikononi mwa fundi mwingine, kijana wa makamo tunayemwita Haraka kwa sababu hana. Mume wangu alimfundisha yeye mwenyewe. Sasa siku kumi zingeamua nani amfundishe nani.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mimi ningeieleza. Shiti moja la plaiwudi. Mbao mbili zinalazwa na kukazwa ukutani, na plaiwudi inapigwa skrubu juu ya mbao hizo, ili iwe na nafasi nyuma. Halafu vigingi vya mti mgumu, vimechomekwa kwa kuinuka kidogo ili diski zisiteleze. Rafu nyembamba yenye ukingo kwa ajili ya visu vya randa. Ubao wenye matobo kwa biti, na mwingine wenye mikato kwa spana. Kulabu za mikanda. Na karibu kabisa na swichi, usawa wa kifua, kigingi cha kijiti cha kusukumia. Mwenye mkono mzima angeimaliza siku mbili na chai katikati. Siku kumi Kimya alimpa kwa heshima.

Siku ya nne nikaona mambo hayaendi.

Kutoka kibarazani naona nusu ya ukuta ule. Nilimwona anatoboa, anachomeka vigingi, anatundika diski, anarudi nyuma hatua mbili, anasimama. Halafu anazitoa diski, anang'oa kigingi, anachonga kizibo, anakipaka gundi, anaziba tobo. Kesho yake tena. Diski kubwa hazitakiwi kugusana, meno yakikutana yanalika na msumeno unakuwa wa kukatia mkate. Hizi zilikuwa zinapandana. Rafu ya visu nayo ilitoka fupi, visu vikachungulia nje kama miguu ya mtu mrefu kwenye shuka la mtoto. Mikato ya spana ikabana.

Kila jioni alikuwa na mkosaji mpya. Kwanza kekee ya kutobolea ilikuwa imeyumba. Halafu plaiwudi ilikuwa na unyevu, imejivuta. Siku ya tano akasema ukuta wenyewe ulijengwa na mlevi. Mwashi aliyeujenga ukuta ule ameshafariki, hana wa kumtetea.

Siku ya sita Haraka akavuka njia, akajifanya analeta suruali ya kutiwa kiraka. Suruali ilikuwa nzima. Akainama juu ya cherehani yangu, akasema polepole, "Mama Pacha, Shibiri anakosea shibiri."

Nikamwambia ampe futi. Akasema amempa siku ya pili tu, Shibiri ameipokea na kushukuru. "Futi imo mfukoni," alisema Haraka, "mkono ndio uko ukutani." Halafu akaongeza kwamba hajafurahi, nisije nikadhani. Nilimwamini. Mtu anayefurahi haleti suruali nzima kutiwa kiraka. Niliipokea, nikamwambia aiache nimshonee kifungo cha ziada.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, karakana imefungwa. Asubuhi ilikuwa na baridi, na baridi ilikuwa inamwingia kwenye kovu mpaka anauma meno. Nikasema nimshonee glavu ya sufi, ya vidole vitatu. Glavu huwezi kuinunua ya vidole vitatu. Nikamwambia weka mkono mezani, panua. Akapanua. Nikalaza futi yangu toka gumba mpaka cha mwisho, nikasoma, nikaandika namba kwenye karatasi kama ninavyoandika za kila mteja.

Kumi na tisa.

Nilikuwa nimeshakunja futi ndipo namba ikanikataa. Shule yangu iliishia msingi, lakini kugawa nilikuwa wa kwanza darasani na mwalimu yu hai anaweza kuulizwa. Kitanda chetu alikitengeneza yeye wiki tuliyooana, na alijisifu nacho kwa kila aliyeingia: urefu shibiri nane, haizidi, haipungui. Mimi kitanda hicho nimekikatia mashuka miaka yote hii. Ni sentimita mia na themanini na nne. Gawa kwa nane. Shibiri ya mume wangu ni ishirini na tatu.

Nikautazama ule mkono vizuri. Kovu lilipita kiganjani kama mshono wa fundi mbaya, uzi umevutwa sana, kitambaa kikafinyaa. Gumba halikwenda tena nje kama zamani. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja kidogo. Miezi miwili watu wote tulikuwa tunatazama vidole visivyokuwepo, hakuna aliyetazama vilivyobaki. Naye alikuwa ameambiwa na daktari kwamba amepoteza viwili, akaamini ni viwili tu. Gumba lipo, cha mwisho kipo, basi shibiri ipo. Angeishuku vipi? Wewe ukiamka unapima kama kichwa bado ni chako?

Mimi ulimi wangu hauna breki, kila mtu anajua. Siku hiyo ulishika. Nilimwambia tu, "Baba Pacha, hebu nipimie kitanda, nataka kuulizia godoro."

Akaniambia kwani sikijui, ni shibiri nane. Nikamwambia nipimie hivyo hivyo.

Akaingia chumbani, nami nyuma yake. Wifi akaacha kiti chake kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akaja kusimama mlangoni. Mume wangu akaanzia kichwani mwa kitanda, akatembeza mkono juu ya ubao wa ubavuni, anahesabu. Ilipofika nane, mkono ulikuwa bado hauujui mguu wa kitanda. Palibaki mahali pa kukalia mtu. Akarudi mwanzo. Safari hii alibonyeza kila shibiri, anangoja, anahamisha. Ikafika tisa, na zaidi ya nusu ikabaki.

"Kitanda kimekua?" akauliza wifi. Alitania tu. Hakuna aliyecheka, akajirudisha nyuma ya pazia la mlango, na pazia likabaki limeshikwa kwa mkono.

Mume wangu akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliugeuza mkono, akajaribu kuupanua kwa kusukuma gumba na mkono wa kulia, mpaka macho yakamtoka maji.

"Daktari alisema viwili," akasema. "Hivi vilivyobaki mbona vimenitoroka?"

Nikamwambia nimejua asubuhi hiyo hiyo, si kabla. Akauliza kama Haraka anajua. Nikasema anajua kuna kosa, hajui liko wapi. Wifi kutoka nyuma ya pazia akashauri apime kwa mkono wa kulia. Alimjibu kwa upole, jambo ambalo lilinitisha kuliko angemkaripia, kwamba wa kulia maisha yake yote umeshika penseli, haujui kupima, na wa kushoto wenye vidole vitatu haushiki penseli. Halafu akasema, "Basi nikapake vanishi."

Sasa niseme kweli. Moyo wangu ulitua. Brashi haina meno. Brashi haikatiki sauti katikati. Nikajiona nashona kibarazani bila kutega sikio, saa nzima, saa mbili, kama watu wengine, na sikujua nilikuwa nimeitamani hali hiyo kiasi gani mpaka ilipokaa mbele yangu bure. Nilichotakiwa kufanya ni kutokufanya kitu. Nikatoka nje. Nikafua mabeseni mawili ya nguo, moja lilikuwa safi tayari. Wifi akaniambia hilo la pili ulishalifua, nikamwambia najua.

Niliporudi alikuwa amekaa vile vile, mkono juu ya goti kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akilinde. Yule mtu hakuwa wa mashine, lakini hakuwa hata wa vanishi. Hakuwa wa kitu. Nikaona kumbe nikinyamaza sipati mume mzima, napata huyu, nimfunge vifungo mpaka kufa.

Nikachukua uzi mnene wa kupitishia mapazia. Nikampa ncha moja, nikamwambia shika kichwani mwa kitanda. Nikauvuta mpaka mguuni, nikakaza, nikakata. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia atulie, fundi yuko kazini. Nikaukunja uzi katikati.

"Hii ni shibiri nne," nikasema. Nikaukunja tena. "Mbili." Nikaukunja mara ya tatu, nikaunyoosha mezani. "Na hii hapa ni moja. Ni ile ile ya wiki tuliyooana."

Akauweka mkono juu ya uzi. Uzi ulizidi kwa upana wa vidole viwili na chembe. Vidole viwili. Akakiangalia kile kipande kilichozidi, nami nikakiangalia. Wifi alikuwa ameshaingia ndani, akasema, "Mdogo wangu, sasa shibiri yako unaweza kuiacha nyumbani ukienda safari." Hapo ndipo akacheka, kidogo, kama mashine inayowaka baada ya kulala sana.

Jumatatu alichonga kijiti cha mti mgumu, urefu wa ule uzi, amekikanyaga kwa mguu na kukikata kwa msumeno wa mkono. Akakitia alama ya nusu na ya robo. Uzi alinirudishia. Alikiweka kijiti mfukoni, ndani kabisa, na kila akitaka kupima alikuwa anageuza mgongo kwa Haraka kwanza, anapima, anakirudisha. Haraka naye alikuwa anapata kazi ya kufanya upande mwingine kila mgongo ule ulipogeuka. Wanaume wawili wazima wakichezeana maficho.

Siku mbili tu na ukuta ukasimama. Kila kigingi cha diski kilikuwa mbali na mwenzake kwa shibiri moja na nusu, diski zimening'inia zimepishana kwa upana wa vidole viwili vya kawaida, hata ukizisukuma hazigusani. Rafu ya visu ilipokea visu vyote pamoja na kitambaa cha mafuta. Spana zilikaa kwa ukubwa, kama watoto wa baba mmoja wamepanga mstari. Haraka akachukua penseli, akachora umbo la kila kifaa nyuma yake, ili kikiondolewa, mahali pake pabaki panakidai. Kijiti cha kusukumia kilikuwa pembeni ya swichi. Mtu akitaka kuwasha mashine, mkono wake lazima upite hapo.

Aibu moja ilibaki. Vile vizibo vya matobo ya kwanza vilionekana, rangi yake tofauti, plaiwudi imekuwa kama uso wa mtoto aliyepona surua. Nikamshauri apake rangi. Akasema rangi haikuagizwa.

Siku ya kumi Kimya akaja. Mimi nikavuka njia na ile suruali ya Haraka mkononi, kwa sababu kila mtu anahitaji sababu. Kimya alitazama ukuta toka mlangoni, halafu kutoka kwenye mashine. Akatikisa kigingi kimoja kimoja. Akasukuma diski. Akatoa kisu, akakirudisha. Halafu akaanza kugusa vizibo kwa kidole, kimoja baada ya kingine, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Na hivi?" akauliza.

Mume wangu angeweza kusema ni mafundo ya mti. Plaiwudi haina mafundo ya namna ile, lakini Kimya si mtu wa kubishana. Haraka alikuwa ameshafungua kinywa, nadhani alitaka kujitwika kosa. Shibiri akamtangulia.

"Nimekosea mara kumi na moja," akasema. "Mkono umefupika, nilikuwa sijui."

Akakitoa kijiti mfukoni, akampa. Kimya akauliza nani aliyejua. Mume wangu akanionyesha kwa kidole gumba. Kimya akanitazama, mimi na suruali yangu, kisha akageuka, akalaza kijiti kati ya kigingi na kigingi. Moja na nusu. Akahamia kingine. Moja na nusu. Alipima vyote, hakuruka.

Alipomaliza akabaki amekishika, anakitafutia pa kukiweka. Alitazama ukuta mzima, juu na chini. Kila kitu kilikuwa na mahali isipokuwa hicho.

"Hiki nacho ni kifaa cha mashine," akasema. "Kipe mahali. Halafu washa."

Mume wangu hakusogea mara moja. Nilijua anachokiwaza. Mfukoni kilikuwa chake. Ukutani kingekuwa cha kila atakayeingia kununua stuli, kila atakayeuliza hiki cha nini, na Haraka akijibu. Miaka yote watu walikuja kutazama mkono, sasa waje kutazama kijiti. Mficha uchi hazai, wamesema, lakini waliosema hawakueleza inavyokuwa kuvua mbele ya watu.

Akachukua kekee. Akatoboa tobo moja la mwisho juu kidogo ya spana, mahali ambapo hata kipofu angegongana nalo. Haraka akachora umbo. Kijiti kikaning'inia.

Halafu akanyoosha mkono wa kulia pembeni ya swichi, akakitungua kijiti cha kusukumia, na kwa gumba la kushoto akawasha.

Nyembamba. Haraka akampa ubao. Nene. Nilikuwa nimeing'ang'ania suruali ya watu mpaka ikakunjamana. Ilikwenda, ikakwenda, ubao ulikuwa mrefu kuliko mti wowote uliowahi kupandwa, na mwishoni kabisa kile kisigino cha mti kikasogea mahali pa mkono, kikasukuma. Nyembamba. Akazima. Akakirudisha kijiti cha kusukumia mahali pake kabla hata hajautazama ubao.

Kimya akasema asubuhi tu kwa sasa, mchana Haraka, mpaka mkono uzoee. Akaondoka. Ilikuwa hotuba ndefu kwake.

Niliporudi kibarazani wifi akauliza, kapata? Nikamwambia kapata nusu. Akasema nusu si haba, na kwamba sasa kazi yake ya kunisaidia imekwisha, anaweza kwenda kwake. Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Kiti chake kiko palepale mlangoni, na yeye yuko juu yake.

Wateja wa zamani bado wanakuja na futi zao wakitaka awaonyeshe. Anawaelekeza ukutani. Wengine wanakitazama kijiti cha kupimia, wanashukuru, wanaondoka mapema kuliko walivyokusudia. Jina la Shibiri wamemwachia, hawakuwa na lingine. Mkono wake unavimba ikifika saa sita, naukanda kwa maji ya moto, na vifungo vitatu vya juu anafunga mwenyewe.

Mimi asubuhi sishoni kitu cha maana. Napindisha vipande vidogo, nabadilisha bobini, natoa mguu kwenye pedeli kila sauti inapokuwa nene na siurudishi mpaka iwe nyembamba. Wateja wangu wameanza kulalamika. Mchana ubao mmoja unachukua muda wa kupika maharage, najua ni Haraka, na hapo ndipo ninapokaa nikashona.